Tufunge Alhamisi

Dada yangu Mutheu alipovunjika mguu hakulia, na jambo hilo liliniudhi kuliko mguu wenyewe. Hasira zangu ziko karibu. Nikijigonga kidole kwa nyundo kule Kariokor, ninakoshona viatu vya ngozi, wauza vikapu wa upande wa pili wanapata habari. Yeye alitolewa kwenye shimo la maji machafu kando ya barabara ya Kangundo, unyayo umetazama upande usio wake, akawaambia vijana waliomtoa, "Sawa. Mnipigie Kisilu." Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya tofali, kiatu mkononi, anakifuta tope kwa kidole gumba.

Mfuniko wa lile shimo ulikuwa umeibiwa zamani na watu wa vyuma vikuukuu. Mutheu alilijua. Alilipita kila alfajiri akikimbia, akiliruka bila hata kuliangalia. Lakini mvua ilinyesha, maji yakajaa mpaka juu, na barabara nzima ikawa kitu kimoja kinachong'aa. Aliruka hatua moja mapema.

Ukifika hapa Mowlem ukauliza Mutheu ni nani, wengine watakwambia ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi kule Umoja, yule asiyekosea hesabu ya misumari. Watoto watakwambia ni Marathon. Hilo ndilo jina walilompa, na alikuwa akiitika. Bingwa hakuwa. Katika mbio nilizomsindikiza alikuwa wa saba, wa kumi na moja, hivyo hivyo. Siku aliyotokea wa tatu, mama alitundika medali juu ya televisheni na mpaka leo ikifutwa vumbi inarudishwa palepale.

Jambo moja tu alijivunia: hakuwahi kuacha mbio katikati. Nyuma ya kila marathoni huja gari linalookota walioshindwa. Yeye aliliita gari la nyuma, na alilitaja kwa mdomo uliopinda, kama mtu anayemtaja jirani mwizi. Mara moja, huko Machakos, lilimkaribia kabisa. Dereva akatoa kichwa dirishani, "Madam, ingia." Alimaliza zile mbio soksi zikiwa zimelowa damu. Usiku alizifua mwenyewe akiimba.

Basi mtu wa namna hiyo unategemea apige kelele akivunjika. Hospitalini walimpasua, wakamtia skrubu, wakamrudisha nyumbani kwa mama na magongo mawili. Akaketi kando ya dirisha na kuitikia kila kitu kwa neno moja.

"Mutheu, chai?"

"Sawa."

"Mutheu, Omolo wako wa mbio amekuja kukuona."

"Sawa."

Duka la Umoja likamwajiri karani mwingine. "Sawa." Ningekuwa na uwezo ningelifuta neno hilo kwenye Kiswahili chote.

Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imekufa ganzi tangu upasuaji. Siku moja aliniambia nimkanyage vidole. Nikakataa. Akasema, "Kisilu, kanyaga tu, nataka kujua kitu." Nikamkanyaga kidogo, na kiatu changu cha kazini. Alikuwa ananitazama usoni, si mguuni.

"Unaskia?" nikamuuliza.

"Siskii."

"Hata kidogo?"

"Siskii kitu, Kisilu. Hata huku juu," akasema, na akajigusa kifuani, kama anayenionyesha mahali kifungo kilipokatika. Kisha akaomba nimfungulie dirisha. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka macho yakakauka.

Lakini ndani ya kifundo maumivu yalikuwepo. Hakuyasema, niliyaona mimi kwenye jasho lililomtoka juu ya mdomo kila alipoukanyagia ule mguu. Badala ya kupungua yakawa yanazidi, ndipo hospitali ikamwita tena, kwa Daktari Githinji, bingwa wa mifupa. Siku hiyo nilikuwa na oda ya viatu vya kwaya nzima, kwa hiyo aliyemsindikiza ni mama.

Sasa nieleze yaliyotokea mle ndani kama nilivyokuja kuyajua baadaye, maana kila mtu alitoka na habari yake.

Mutheu alikuwa kwenye foleni ya picha. Daktari, ambaye nje alikuwa na watu wa kujaza kanisa, aliona heri aanze kumweleza mama. Akamwambia kuna mfupa mmoja kwenye kifundo ambao damu haiufikii tena, na sehemu yake imekufa. Akamwambia kuna njia mbili. Ya kwanza akaieleza, mama hakuielewa, akawa anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Halafu daktari akasema, "Mama, kwa maoni yangu, tufunge." Ili aelewe vizuri, akaingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, akaikaza mikono pamoja, akaiinua mbele ya uso wake.

Mama aliiona ile mikono. Akainamisha kichwa na kufumba macho.

Daktari akangoja. Akadhani mzazi ameingiwa na uchungu. Akasema polepole, "Mkikubali, tutafunga Alhamisi."

"Amina," akasema mama. "Hata leo, daktari."

"Leo haiwezekani. Alhamisi."

Mutheu alipoingia na magongo yake, daktari akamwambia, "Nimeongea na mama. Tutafunga Alhamisi, sawa?" Na yeye, aliyedhani wanaongea habari ya kufunga plasta, akajibu unavyojua alivyojibu.

Lugha yetu hii ina uvivu fulani. Mlango unafungwa, duka linafungwa, mwizi anafungwa, timu inafungwa mabao, ndoa inafungwa, mzigo unafungwa. Muumini akiacha kula ili aombe, naye amefunga. Neno moja, na tunalituma kila mahali kama mtoto wa kazi. Siku nyingine linachoka.

Mama alirudi Mowlem uso umemkunjuka. Alinipigia simu katikati ya kazi.

"Kisilu, Mungu ametupatia daktari ameokoka."

"Ameokoka aje?"

"Amesema dawa zimefika mwisho, tufunge Alhamisi. Ameomba na mimi hapo hapo ofisini. Ameshika mikono hivi."

"Hivi aje, mama? Niko kwa simu."

"Ameshika tu! Wewe shida yako ni kubisha."

Nikabisha kidogo. Sikuwahi kusikia daktari wa kuagiza watu wafunge. Lakini Jumatano muuguzi akampigia Mutheu, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa mezani, sote tunasikia. Aje Alhamisi asubuhi na nguo za kulala. Na asile chochote kuanzia usiku, hata maji asinywe.

"Hata maji!" mama akasema, akinitazama kwa ushindi. "Hiyo ni mfungo kavu. Hawa watu hawachezi."

Kwa hiyo Alhamisi tulifunga. Mama alifunga, akina mama wa ushirika wake walifunga kila mtu kwake, mimi nilifunga kwa kuogopa kelele. Hata Omolo alifunga. Omolo ni dereva wa lori la maji, na ndiye aliyekuwa akikimbia na Mutheu miaka yote. Tumbo lake halijui kungoja, ana mazoea ya kula chapati akiwa bado anafunga kamba za viatu. Alikuja hospitalini mdomo mkavu na macho ya huzuni, akasema, "Manze, kwa Mutheu nitaweza."

Mutheu yeye hakuuliza kitu. Baadaye aliniambia kwamba alipoambiwa asile alishuku si plasta. Akaona akiuliza atajibiwa, na akijibiwa itabidi afikiri, basi akaacha.

Walimvisha gauni la kijani wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi akaja na kumuuliza kama utaratibu, "Umekubali wafunge kifundo cha kulia?"

Mama akamjibia. "Tumefunga sote, sista. Hata huyu kaka yake."

Yule muuguzi akacheka, akidhani ni utani, akaenda zake. Ndipo akaja Daktari Githinji mwenyewe, na kalamu nene, kuweka alama pa kupasua. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na hilo lilinikasirisha zaidi baadaye kwa sababu nilikosa pa kumshika. Aliinama akachora mshale juu ya mguu, akasema kama anayejiambia, "Baada ya leo hapa hapatakunjika tena, na uchungu utaisha."

Mutheu akainua kichwa. "Hapatakunjika aje?"

"Si ndiyo kufunga. Tunashikanisha huu mfupa na huu wa juu, inakuwa kitu kimoja." Akaingiza vidole katikati ya vidole, akaikaza mikono. "Utatembea vizuri. Ngazi utapanda, kazi utafanya."

"Na kukimbia?"

Daktari akasimama wima. Nadhani ndipo alipoelewa. "Mbio ndefu, hapana," akasema. "Nilimweleza mama."

Tukamgeukia mama sote. Alikuwa ameishika Biblia yake kwa mikono miwili.

"Lakini daktari, si ulisema tufunge?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo hii."

"Mimi tangu jana sijala!"

Daktari akashusha kalamu. "Mama, asiyefaa kula ni mgonjwa tu."

Siku nyingine ningecheka mpaka nilale chini. Siku hiyo nilitaka kumpiga mtu, na kila niliyemtazama hakuwa wa kupigwa. Mama akamsogelea daktari. "Mimi nimefunga ili Mungu afungue," akasema. "Nyinyi mnataka kufunga isifunguke tena." Akakaa kwenye benchi, akajifunika uso na leso.

Daktari Githinji hakuitupia familia lawama, na hakujitetea. Alivuta kiti akaketi karibu na kichwa cha Mutheu, akaieleza ile njia ya kwanza ambayo mama hakuielewa. Wangeweza kuchukua kipande cha mfupa kwenye nyonga, wakipandikize pale palipokufa, na kungoja. Kungoja kwingi, bila kuukanyagia kabisa. Kwa watu wachache hushika.

"Ikishika, nitakimbia?"

"Labda."

"Isiposhika?"

"Mfupa utabomoka. Tutafunga tu, lakini itakuwa kazi ngumu zaidi, na unaweza kubaki na uchungu." Akaongeza kwamba yeye kama ungekuwa mguu wa dada yake angeufunga, ila mguu si wa dada yake. Akasema angeanza na mgonjwa mwingine, arudi baadaye kusikia neno letu.

Alipoondoka, Omolo akasogea. Njaa ilikuwa imempa ujasiri. "Mutheu, usikubali. Labda ni kitu. Watu wanakimbiaga na labda. Wewe umewahi kosa kumaliza?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mama akasema chini ya leso kwamba tungoje, Mungu hajasema. Mimi kila nililotaka kusema lilikuwa tusi. Nikaangalia miguu yake miwili iliyochungulia kwenye shuka. Miguu ndiyo kazi yangu. Naijua ya wanaosimama kutwa na ya wanaobeba mizigo. Wa kushoto ulikuwa bado wa mkimbiaji, umekauka, kisigino kigumu kama soli. Wa kulia ulikuwa laini, mweupe kidogo kwa kufichwa, wenye mshale wa wino.

"Kisilu," akasema. "Weka mkono hapa."

Nikaweka kiganja juu ya kifundo. Akakikunja, akakikunjua. Akakikunja tena, polepole. Chini ya kiganja nilisikia kitu kikisagika, kama mchanga ulioingia kwenye bawaba ya mlango. Nikataka kuutoa mkono. Akaushikilia.

"Umeskia?"

"Nimeskia."

"Nikikanyaga naskia mpaka kwa meno. Sijawahi waambia." Sauti yake ilikuwa ileile ya dirishani, bapa, isiyopanda wala kushuka. Akakikunja na kukikunjua mara nyingine, na nikajua anakiaga. Sijui nilijuaje. Uso wake haukuwa na kitu.

Kisha akamgeukia Omolo. "Omolo, dereva wa gari la nyuma huwa anasema aje?"

Omolo akashtuka. "Anasema, 'Madam, ingia.'"

"Akikataliwa?"

"Anakufuata tu. Anaendesha pole pole mpaka umalize ama uingie."

"Hakutusi?"

"Atakutusi ya nini? Si ni kazi yake."

Mutheu akatazama dari. "Nilikuwa namchukia bure," akasema.

Omolo akageuka akatazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Mama akaondoa leso, akamtazama binti yake, na sisi Wakamba tuna neno la kumwitia mama, mwaitu, ambalo Mutheu hakuwa amelitumia tangu aanguke. Alilitumia sasa.

"Mwaitu, usilaumu daktari. Na usijilaumu. Hata ungenieleza vizuri, ningesema sawa. Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu."

"Na sasa?"

Daktari Githinji aliporudi, mikono imekunjwa mbele yake bila kujua, tulimpisha sote. Akamwinamia Mutheu.

"Umeamua?"

"Funga."

Akamtazama vizuri, nadhani kwa sababu mara hii alitaka kuwa na hakika. "Uko sawa?"

"Siko sawa," dada yangu akasema. "Lakini funga."

Wakamsukuma. Magurudumu yalikuwa na mlio, na niliusikia mpaka mlango wa pili. Lile "siko sawa" ndilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilompa mtu tangu lile shimo, na lilinipata nikiwa nimejiandaa kukasirika, nikakosa la kufanya na mikono yangu.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Akina mama wa ushirika walianza kupiga simu kuuliza kama wafungue, maana jua lilikuwa limepanda na walikuwa na kazi. Mama akawajibu mmoja mmoja: wao wafungue, yeye bado. Hatakula mpaka mtoto wake ale. Omolo aliposikia hivyo alitazama kibanda cha chai ng'ambo ya geti, akameza mate, akakaa. Sikuwahi kumpenda yule mtu kama saa ile.

"Nilimfungia njia mtoto wangu," mama akaniambia wakati mmoja.

"Hukumfungia, mama."

"Nilisema amina."

Nikamshika mkono, jambo ambalo katika familia yetu halifanywi ovyo, na hakuuondoa.

Jua lilikuwa linainama walipotuita. Mguu ulikuwa umefungwa plasta mpaka gotini, umeinuliwa juu ya mito. Mutheu alikuwa macho, midomo imepasuka. Daktari alikuwa amepita, akasema kazi imekwenda vizuri, na baadaye atahitaji kiatu chenye soli iliyopinda mbele ili kimsukume anapotembea. Hiyo itakuwa kazi yangu. Muuguzi akampa chai na kipande cha mkate, akangoja aone kama vitakaa. Vikakaa.

"Unaskia aje?" nikamuuliza, kwa mazoea, nikijua nitakachojibiwa.

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Njaa," akasema. "Naskia njaa mbaya."

Mama alikuwa amekuja na hotpoti ya muthokoi tangu asubuhi, akiwa na hakika kwamba mfungo utaisha kwa furaha. Mahindi na maharagwe yalikuwa yamepoa. Akampakulia kwenye sahani moja iliyokuwepo, akaanza kumlisha kwa kijiko, na Mutheu akala kama alivyokuwa akila zamani akirudi kutoka mbio, bila kutazama mtu. Kijiko cha kwanza, cha pili. Katikati ya kingine, mdomo umejaa, akaanza kulia.

Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, chakula kikimtoka pembeni ya mdomo, na wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kusema pole, pole, akaacha. Nilikuwa nimekingoja kilio hicho tangu ile asubuhi ya tofali, nikidhani kikija nitapumua. Kilipokuja nilishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Mwaitu," akasema, alipoweza. "Nilikuwa nakimbia vizuri."

Mama hakumnyamazisha. Alimfuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Ulikuwa unakimbia vizuri," akamwambia. "Ulikuwa unakimbia vizuri sana."

Wakakaa hivyo. Alipotulia kidogo akaomba kijiko kingine, mama akampa, akala huku machozi yakiendelea kushuka, na hakujaribu kuyafuta. Ndipo mama akatugeukia mimi na Omolo, tuliosimama kando ya kitanda kama mafundi waliokosa kazi.

"Haya," akasema. "Sasa fungueni."

Tulikula kwa zamu kwenye mfuniko wa hotpoti, kwa sababu sahani ilikuwa moja na ilikuwa ya Mutheu.